Gari Lililochaguliwa na Majirani

Wiki hii, pale Katesh, nimeshuhudia mtu akinunuliwa gari kwa fedha zake mwenyewe.

Nilikuwa nasubiri pancha yangu izibwe, jirani na yadi ya magari. Akaingia mkulima mmoja wa Balangdalalu na mke wake, baba yake mkubwa na majirani, maana kwetu kitu kikubwa hakinunuliwi na mtu peke yake. Walionyeshwa magari mawili. La kwanza jekundu, la kifahari, viti vya ngozi, mbio za swala. La pili jeupe, refu, la kubeba familia, limekaa kama trekta lililooga.

Mkulima akarukia jekundu, akawasha. Likanguruma.

"Mke wangu, sikia hiyo! Hili ndilo letu!"

Mke akachungulia nyuma, akapima kiti kwa mkono. "Mjamzito akizidiwa, atalala wapi? Na wanakwaya?"

"Si watafute gari jingine?"

"Lipi? Kijijini kwetu gari litakuwa lako siku ya kulinunua tu."

Majirani wakacheka, wakagonganisha viganja. Jamaa akafumba macho kwa raha, akakanyaga mafuta tena. Alipofumbua, hakuona mtu. Wote walishaingia kwenye jeupe, wamejaa mpaka nyuma, wanaimba. Baba mkubwa, kiti cha mbele, akatoa fimbo dirishani.

"Tumeshachagua! Njoo uendeshe!"

Wanasema gari huonyesha ukubwa wa mtu. Mimi nilimwona mwenye gari akija mbio, anacheka, anachungulia kama kiti cha dereva bado kiko wazi.