Mgeni Aliyekataa Kuyeyuka

Garissa nzima ilimjua Vasant kwa cherehani. Ikila uzi au ikikwama, mpelekee Mhindi wa nyuma ya soko. Atakugombeza kwanza kwa kutoipaka mafuta, maana mdomo alikuwa nao, kisha ataitengeneza na itashona kama mpya. Mkewe Indumati alikaa naye dukani miaka thelathini. Watoto hawakujaliwa. Walikuwa wao wawili tu, na kila mwaka, mgeni mmoja.

Mgeni huyo alikuwa Ganpati, mungu wao mwenye kichwa cha tembo. Kila Septemba Vasant alimfinyanga mwenyewe kwa udongo mbichi wa mto Tana, kimo cha shubiri moja, akampaka manjano ya jikoni na masizi ya sufuria, basi. Mgeni alikaa siku moja na nusu, akaimbiwa, akaandaliwa vitamu vya nazi na sukari guru. Kisha alizamishwa katika beseni la maji hadi ayeyuke, na tope lile likamwagwa kwenye shina la mlimau uani. Wahindu wengine wa Nairobi walinunua masanamu ya plasta yenye rangi za dukani. Vasant hakutaka hata kuyasikia. "Unamsindikiza mgeni kwa sumu?" alifoka. "Ametoka udongoni, arudi udongoni, na samaki wasijue kama kulikuwa na sherehe!"

Wateja walimtania kwamba anawafukuza wageni upesi. Naye akawajibu, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wangu namwaga mapema, asije akalima bure."

Mwaka wa tisini na sita moyo wake ulichoka. Miguu ilivimba, macho yakafifia, mikono ikatetemeka hata sindano akashindwa kuishika. Lakini udongo aliufinyanga. Kazi ya saa moja ilimchukua siku tatu, na safari hii hakuwa na nguvu ya kuulainisha, kwa hiyo vidole vyake vilibaki vimechapwa kila mahali, na gumba lake likaonekana waziwazi tumboni mwa Ganpati. "Huyu ndiye wa mwisho, Indu," alisema. "Nataka kumwona akiyeyuka kwa macho yangu. Nikimwona ameenda salama, na mimi nitaenda bila wasiwasi." Indumati akamwambia anyamaze, akaenda jikoni kulia.

Udongo ule ulihitaji kivuli, usikauke ghafla ukapasuka. Basi kama kila mwaka, Indumati aliupeleka kwenye banda la Bulle, Msomali mchoma matofali wa kando ya mto. Bulle ndiye aliyewapa udongo tangu zamani, na dini yake haikumruhusu kushughulika na masanamu wala kuuliza mwisho wake, kwa hiyo Indumati aliuweka mwenyewe pembeni na kuufunika kitambaa. Mwaka uliotangulia sikio lilipasuka, na Bulle alimwona Vasant akitokwa na machozi. Hilo halikumtoka moyoni.

Indumati alipokwenda kuuchukua, Bulle alimpokea huku anacheka. "Mama Indu! Safari hii haifunjiki! Mimi sikuangalia, wallahi, nilishika na gunia, nikaweka ndani ya tanuri fole fole, bamoja na matofali. Mwambie walaal, ndugu yangu Fasanti, asilie tena."

Indumati akafunua kitambaa. Udongo ulikuwa mwekundu, mgumu, na ukigongwa unalia. Lo! Angesema nini? Mtu amekutendea wema kwa moyo wake wote, utamwambia amekuua? Alimshukuru, akaondoka.

Na hapo alikosea, mimi sitamtetea. Badala ya kumwambia mumewe, alikoroga tope jembamba, akaupaka ule wekundu, akaongeza manjano juu yake. Vasant kwa macho yake yale hakugundua kitu. Aliimba kwa sauti iliyokatikakatika, akala kitamu kimoja, akafurahi kama bwana harusi.

Saa ya kuaga ikafika. Vasant aliwekewa kiti mbele ya beseni, na kwa mikono yake akamzamisha mgeni. Manjano yakatoka. Tope likatoka. Kisha hakikutoka tena kitu. Adhuhuri ikapita, alasiri ikapita, naye ameinama pale pale, mkono majini, anapapasa. "Hataki kwenda," alisema mwishowe. "Indu, nimemkosea nini?"

Indumati hakuweza tena. Akamwambia yote.

Vasant alitoa mkono majini. "Bulle hana kosa," alisema. "Lakini wewe umeniacha nikimngojea mchana kutwa." Kisha akasema, "Lete kinu. Mponde sasa hivi, nione akirudi kuwa vumbi."

Indumati alikitazama kidole gumba kile tumboni mwa sanamu. Ndicho alichokuwa ameanza kukitaka, Mungu amsamehe: alama ya mkono wa mumewe isiyofutika. "Umechoka," akamwambia. "Kesho."

Ngoja ngoja huumiza matumbo. Kesho yake adhana ya alfajiri ilipolia, Vasant alikuwa ameshakata roho, na Ganpati yumo ndani ya beseni, mzima.

Mwili ulipelekwa Nairobi kuchomwa kwa desturi yao. Na desturi hiyo hiyo ilimkataza mjane kumgusa Ganpati siku kumi na tatu. Bulle alikuja kutoa pole, akakaa kwenye kiti cha marehemu akilia bila aibu. "Walau ile kitu iko, Mama Indu," alisema. "Mkono yake umebaki."

"Ndiyo," Indumati alijibu. "Umebaki."

Siku ya kumi na nne alifunga mlango wa uani, akatoa kinu. Alianza na masikio, akaja kwenye miguu. Kipande cha tumbo alikiweka kando, akakichukua, akakiweka kando tena, akabonyeza gumba lake kwenye alama ya gumba la mumewe. Lilizama lote, likabakiza nafasi. Kisha alikitia kinuni, akatwanga mpaka mikono ikafa ganzi, akalichekecha vumbi lile lote, asione hata punje iliyosalia.

Aliyeomba kuona hakuwapo kuona. Na Indumati, aliyetaka kubakiziwa, aliketi chini kando ya kinu akijaribu kukumbuka gumba lile lilikuwa na upana gani.