Jina Chini ya Picha

“Na huyu, anaitwa nani?”

Niliulizwa swali hilo siku moja ya mvua, mtaa wa Handsworth hapa Birmingham, kitabu kikubwa cha picha kimefunguliwa juu ya meza ya jikoni na kidole cha mama mmoja kimebonyeza ukurasa. Nakumbuka hata harufu ya vitunguu vilivyokuwa vinakaangwa. Nilikuwa nimebakiza wiki chache kumaliza chuo, nimejaa maneno ya darasani hadi kooni, nikainama kulitafuta jina chini ya picha.

Mwanangu, usicheke ninapokuita hivyo. Najua sina mvi, na najua ukiwa na wenzako unasema mimi ni kama dada yako. Lakini mdogo wa mama yako ni mama yako, na leo nimeamua kuutumia ukubwa huo, kwa sababu juzi ulinipigia simu kutoka Longbridge ukilia. Ulilia kwa Kiingereza, nami nikakubembeleza kwa Kiswahili, kama kawaida yetu. Mwalimu wako amekwambia kuchora sura zinazofanana na watu ni mambo ya kale, kwamba kamera iliimaliza kazi hiyo zamani, na kwamba ukitaka kuingia chuo cha sanaa utafute kitu kingine. Ukaniuliza kama uchane michoro yako.

Usichane hata mmoja. Kaa, nikusimulie kilichonipata mimi.

Nilipokuwa chuo hapa Birmingham nilipanga chumba kwa Mama Mghoi. Labda humkumbuki vizuri. Ndiye aliyekuwa akikupa andazi kanisani ukinyamaza, na kukunyang’anya ukipiga kelele. Kwao Taita alikuwa mwalimu wa kwaya. Huku akawa kea, akihudumia wazee majumbani kwao Shard End, zamu ya usiku. Alikuwa mwanamke wa kujipenda. Hata akienda kununua bamia Soho Road, lazima ajifunge kilemba na avae hereni, na akikutana na mtu wa nyumbani amevaa ovyo, alimsalimia kwa upole halafu akatembea mbele kidogo, wasionekane wako pamoja.

Kile kitabu nilikipata kwenye duka la vitu vilivyotumika. Kilikuwa cha wachoraji wa Marekani wa zamani, wale waliomchora mtu akaonekana mtu. Mimi hubisha kila kitu, unanijua. Nabishana na mahubiri, nabishana na daktari, nabishana na ratiba ya basi. Lakini wale niliwakubali siku ile ile. Nilikuwa nimechoshwa na picha za wafalme na malaika na majenerali juu ya farasi. Hawa walichora daktari mwenye damu mikononi. Walichora wapiga makasia, washonaji, mama anayemwosha mtoto miguu kwenye beseni. Waliamua kwamba uso wa mtu wa kawaida, mwenye makunyanzi na uchovu wake, unatosha kujaza turubai nzima. Nikasema, hii ndiyo kazi yangu. Nitawachora watu wetu hivyo hivyo, bila kuwapaka asali.

Asubuhi moja Mama Mghoi alirudi kutoka zamu, akaketi kwenye kiti karibu na hita, akavua viatu. Kabla hajavua sare, usingizi ukamchukua. Kilemba kiliteleza upande, mdomo ukafunguka kidogo, miguu imevimba kama mkate uliotiwa hamira nyingi. Mwanga wa dirishani ulikuwa umemwangukia shavuni, sawasawa na zile picha za kitabuni. Nilichukua penseli, nikachora upesi, kimya kimya. Kisha chuoni nikaigeuza michoro ile kuwa picha kubwa ya rangi za mafuta, nikaipa jina: Kea Akipumzika.

Mhadhiri wangu aliitazama, akazuia miayo kwa adabu. “Mkono unao,” alisema. “Lakini hii ilishafanywa, na waliofanya wameshakufa. Kwa nini unawafuata makaburini?”

Iliniuma. Nikaifunga picha kwa shuka, nikapanda nayo basi hadi nyumbani ili Mama Mghoi anifariji. Niliwaza ataiona, machozi yatamlengalenga, ataniombea. Nikaiegemeza kwenye kabati la jikoni, nikaondoa shuka.

Alivaa miwani. Akainama. “Huyu ni mimi?”

“Ni wewe, Mama.”

“Mdomo wazi hivi?”

“Ulikuwa umelala.”

“Kumbe ndiyo mnayosomea huko? Kuvizia watu wakikoroma?”

Nilicheka. Nilicheka peke yangu.

“Mama, huo ndio uzuri wake. Ni ukweli. Ulikuwa umechoka.”

“Nilikuwa nimechoka, nikaja kwangu, nikafunga mlango. Nani alikwambia uufungue?” Akasoma kikaratasi nilichokuwa nimekibandika chini. “Na hapa pameandikwa Kea Akipumzika. Kea yupi? Birmingham nzima ina makea.”

Nikajitetea kwa kitabu changu. Nilikileta mezani, nikamwonyesha kwamba ndivyo walivyofanya mabingwa wa Marekani, na kwamba kumchora mtu jinsi alivyo ni kumheshimu. Alizima jiko, akaketi, akaanza kufunua kurasa taratibu. Kwa kila picha ananiuliza, huyu ni nani, nami namsomea maandishi ya chini. Daktari fulani. Mke wa mfanyabiashara fulani. Mwanamuziki fulani, pamoja na dada yake. Hadi akafika kwenye picha ya chumba cha kulia chakula, watu wameketi, na nyuma yao amesimama mwanamke mweusi ameshika sinia.

“Na huyu, anaitwa nani?”

Nikasoma. Majina ya walioketi yalikuwepo yote.

“Halikuandikwa,” nikasema.

“Halikuandikwa, au hakuulizwa?”

Akafunua tena. Mzee mweusi kando ya farasi: mtunza farasi. Msichana mweusi mwenye kikapu: muuza maua. Akakifunga kitabu.

“Basi picha yako haitoki nyumba hii,” alisema. “Sitaenda kusimama ukutani mbele ya watu nikiwa mwenye sinia.”

Mwanangu, elewa hali ilivyokuwa. Maonyesho ya mwisho ya chuo yalikuwa yanafunguliwa wiki iliyofuata. Sikuwa na picha nyingine ya kutundika, na asiyetundika hapati shahada. Mama yako alikuwa amejinyima mengi ili nifike pale. Mhadhiri ananiambia nimechelewa kuzaliwa, na mama mwenye nyumba ananiambia nimemwibia usingizi. Kila upande umefungwa.

Lakini mimi si mtu wa kunyamaza. Nikamwambia, “Mama, hao walikosea hapo, sawa. Lakini bila wao nisingejua kwamba mtu kama wewe anastahili turubai.”

“Nilistahili kabla hujanunua rangi.”

“Kwa hiyo unataka nikuchore kama zile picha za studio za nyumbani? Umeshika kiti kando ya ua la plastiki, umekaza uso, hujawahi kuchoka maishani mwako? Huo ni uongo.”

Alinitazama juu ya miwani. “Nikisimama nimevaa vizuri, ni uongo. Nikilala mate yakinitoka, ndiyo kweli. Nani aliwafundisha hivyo? Kile kiti unachokidharau, na lile ua, sisi tulivipangia foleni. Mama yangu aliazima viatu ili apigwe picha moja. Moja tu. Alichagua mwenyewe namna atakavyobaki.”

Hapo ndipo nilipoanza kusikia. Sikukubali yote, na hata leo sijakubali yote. Lakini nilisikia.

Kesho yake, alipoamka mchana, nilimkuta sebuleni amevaa gauni lake la kijani la kwaya, kilemba cha kitenge kimesimama kama taji, mkono mmoja juu ya mgongo wa kiti. “Haya, msomi,” alisema. “Nichore nikiwa macho.”

Tulifanya hivyo siku zote zilizobaki, yeye amesimama kabla ya zamu, mimi napaka bila kula. Tuligombana kila siku. Hakutaka kutabasamu, na mimi sikutaka atabasamu, kwa hiyo hilo lilipita. Alitaka nimpunguze kidevu. Nikakataa. Alitaka hita iondoke. Nikakataa, maana hita ni Birmingham, na Birmingham ndiyo iliyomchosha. Nikafika miguuni. Alikuwa amevaa ndala, kwa sababu viatu vya gauni lile havikumwingia tena.

“Na miguu?” akauliza, kwa sauti ya chini.

“Miguu siibadilishi, Mama. Hata ukinifukuza.”

Aliitazama miguu yake. Kisha akacheka kicheko cha tumboni, kilemba kikatikisika. “Iache. Hiyo imetembea. Mwenye macho aione.”

Nilitundika picha ile rangi haijakauka. Ile ya kwanza ilibaki nyuma ya kabati lake, imegeuziwa ukuta. Mhadhiri alikuja, akatazama, akasema tena kwamba inafanana na Marekani ya zamani, na kwamba wafu wameshamaliza kazi hiyo.

“Hawajaimaliza,” nikamwambia. Watu walikuwa wamesimama pale na glasi zao. “Walianza vizuri, wakaacha nusu ya watu bila majina. Palikuwa na wachoraji weusi Marekani kule kule, wakati ule ule, walioiona kasoro hiyo. Wengine walihama nchi yao ili wapate kushika brashi kwa amani, na walipoishika waliwachora watu wao kwa utulivu, wakifundishana, wakisali. Kazi hiyo imefika kwangu haijaisha. Wewe ndiye unayetaka kuifunga, kwa sababu ninyi mlishachorwa mkatosheka. Sisi bado.”

Alinipa alama za kunivusha, si zaidi. Nimeshazoea.

Jioni watu wa kanisani wakaja, na jirani yetu Mkongo, Papa Didi, akasimama mbele ya picha akirudi nyuma hatua kwa hatua. “Eh, Mama! Uko natuangalia sana. Tumefanya nini?”

Mama Mghoi, aliyevaa gauni lile lile, akamjibu, “Chomekea shati kwanza, ndipo nikwambie.”

Kikaratasi cha chini kilikuwa na jina lake mwenyewe, lote: Dorkasi Wakesho, mwalimu wa kwaya. Nilimwona akikisoma, akaondoka, akarudi kukisoma tena.

Sasa nikwambie ninachokutakia. Usikubali mtu yeyote akwambie kwamba uso wa mama yako ni mada iliyokwisha. Wanaosema hivyo kuta zao zimejaa nyuso za babu zao. Nenda kwenye usaili na michoro yako yote, na wakikuuliza kwa nini unafuata mambo ya kale, nawe waulize, ni ya kale kwa nani? Jifunze kwa wale Wamarekani bila aibu. Iba mwanga wao, iba subira yao, iba ule ujasiri wa kuchora kidole kilichopinda kikabaki kimepinda. Lakini usirithi uzembe wao. Kabla ya penseli kugusa karatasi, uliza jina, uliza kama unaruhusiwa, uliza mtu anataka kubaki vipi. Halafu bishana naye. Usimpambe kwa woga, wala usimvue nguo kwa jina la ukweli. Picha nzuri hutoka kwenye ugomvi huo, na mimi sijaona njia nyingine.

Mungu akupe jicho lisilochoka na mkono usiotetemeka mbele ya wakubwa. Akupe watu watakaokubali kukaa mbele yako, na watakaokukaripia ukikosea. Ukuta utakaonyimwa leo, upewe kesho, na upewe na msumari.

Bado neno moja. Miaka mingi nilidhani Mama Mghoi alikasirika siku ile kwa sababu ya kujipenda tu. Mwaka jana, tukikunja mashuka nyumbani kwake, alinieleza bila kuulizwa. Alipokuwa msichana, alisinzia sokoni juu ya gunia la kabichi akimsubiri mama yake. Mgeni mmoja mwenye kamera akapita. Baadaye aliiona picha hiyo kwenye kalenda, ukutani katika duka moja la Voi, akaitambua kwa gauni ambalo mama yake alikuwa amelishona kwa mkono. Chini yake palikuwa pameandikwa: Msichana wa Kiafrika Akipumzika.