Volti Moja na Robo

Siku yangu ya kwanza kazini Tunduma, Fundi Mkuu hakunikaribisha hata kiti. Alinipa prosesa iliyokufa, kijibamba cha mraba kinachoenea kwenye kiganja, akaniuliza: "Hii imekufa kwa njaa au kwa shibe?" Nilikuwa nimetoka chuoni, cheti kiko kwenye bahasha, sketi nimeipiga pasi mara mbili. Nikajibu kwa njaa, kwa kuwa nilijua umeme wa pale ulivyokuwa ukikatika. Alicheka mpaka wateja wakageuka.

"Shibe, mama! Nyingi tunazoletewa hapa zimelishwa kupita kiasi. Kaa hapo, ufungue hiyo feni uisafishe."

Ndivyo nilivyoajiriwa. Duka letu lilitazama foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia, na nusu ya wateja walitoka ng'ambo. Walituita "ba fundi" na kutusalimu kwa mulishani, yaani hamjambo, nasi tukajifunza kuitikia. Waliotusumbua zaidi ni wenye studio za video na vijana wa magemu, kwa sababu hao hawakuridhika na kasi waliyouziwa.

Nieleze, maana najua baadhi yenu mnaonisoma ndiyo kwanza mnaanza. Prosesa ndiyo inayofanya hesabu zote za kompyuta, na kiwanda huipangia kasi yake. Ukiingia kwenye bayosi, yaani ule ukurasa wa mipangilio unaofunguka kabla mashine haijawaka sawasawa, unaweza kuipandisha kasi hiyo. Pale dukani tuliita kazi hiyo kuchochea, kama mtu anavyochochea jiko. Kasi ikipanda, prosesa inaomba volti zaidi. Usipoipa, mashine inaganda au inajizima yenyewe. Ukiipa, inatulia, na mteja anakuona malaika.

Tatizo ni kwamba volti inadai mara mbili. Kwanza ni joto, na hilo utalijua tu, feni zitapiga kelele. La pili hulioni. Ndani ya prosesa kuna njia za umeme nyembamba kiasi kwamba unywele ni gogo mbele yake. Volti kubwa ikipita humo kila siku, tena kwenye joto, chembe za madini husogezwa kidogo kidogo kutoka mahali pake, na njia inazidi kukonda. Inafika siku, kasi iliyoshikika vizuri kwa volti ile haishikiki tena. Prosesa haijafa, ila imezeeka kabla ya wakati, na hakuna fundi wa kuirudishia ujana. Kikomo nacho si kimoja kwa zote. Zile za zamani zilivumilia hata volti moja na nusu; za siku hizi njia zake ni nyembamba zaidi, na volti hiyohiyo ingezimaliza upesi. Mtu akikupa namba moja ya prosesa zote duniani, mwage kwa heshima uondoke.

Fundi Mkuu hakupenda nukta. Wateja wake walikuwa wafanyabiashara wa mahindi na mchele, akazungumza nao kwa vipimo walivyovizoea. Kwake volti ilikuwa moja na robo, moja na nusu, moja na robo tatu. Kwa prosesa tulizokuwa tukiuza sana miaka ile, amri yake kwa mashine inayofanya kazi kutwa ilikuwa hii: "Moja na robo, usivuke. Anayetaka zaidi ya hapo, mwambie aanze kuchanga pesa za prosesa nyingine." Nami nikaisema hivyohivyo, kwa sauti yake kabisa, kama kasuku.

Baadaye alifungua tawi Vwawa akanipeleka kulisimamia, nikawa Msimamizi wa Tawi. Cheo kilikuwa kikubwa kuliko chumba chenyewe. Huko ndiko nilikokutana na Tumaini.

Tumaini alikuwa binti wa Iyula, mtoto wa mkulima wa kahawa, amefungua studio ndogo ya kuhariri video za harusi na kipaimara. Kompyuta alinunuliwa na baba yake baada ya msimu wa kahawa, na mzee huyo alitoa kwa shingo upande. Alimwekea binti sharti mbele ya mama yake: mashine ikiharibika kwa uzembe wake, studio inafungwa, anarudi Iyula shambani, na habari za video zisisikike tena nyumbani kwake. Tumaini alinisimulia hayo akicheka, lakini sharti alilirudia mara mbili.

Mashine ile niliiunda mimi. Niliichochea mimi pia, kwa sababu kuhariri harusi moja kulikuwa kukimchukua kutwa nzima. Siku mbili baadaye nikiwa Isansa, nimechuchumaa chini ya meza ya shule natafuta waya uliotafunwa na panya, akanipigia.

"Mama, shikamoo. Imeganda tena."

"Marahaba. Ingia kwenye bayosi kama nilivyokuonyesha. Pale penye volti futa lile neno la Auto, weka moja na robo. Usivuke hapo, umenisikia?"

"Nimekusikia, mama."

Baada ya muda akanipigia tena kwa furaha, imetulia, harusi ya watu imeisha kabla ya chakula cha mchana. Nikamwambia Mungu mkubwa, nikarudi kwa panya wangu.

Miezi ile ilikuwa ya baridi, na baridi ya Vwawa ya Juni na Julai mnaijua. Mashine ilipaa. Nilipita pale studio si mara moja, nikanywa chai yake, nikasifu picha zake, wala sikuomba hata siku moja nione bayosi inasoma nini. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwa sababu ingenichukua muda wa kumaliza kikombe.

Oktoba, joto lilipoingia, ikaanza kujizima. Nililaumu vumbi, nikasafisha. Nililaumu pasta ya joto, ile dawa nyeupe inayopakwa kati ya prosesa na feni, nikapaka upya. Nikamlaumu aliyetuuzia pawa saplai, kile kisanduku kinachoigawia mashine umeme. Mwisho nikafungua bayosi, nikaona 1.400.

"Tumaini, nani ameweka hii?"

"Mimi, mama. Si uliniambia moja na robo?"

"Sasa hii ni robo?"

Akanitazama kama mwanafunzi anayehisi mwalimu anamtega. "Robo si moja ya nne, mama? Nikaweka moja nukta nne. Sikuvuka hata kidogo."

Robo ya volti ni nukta mbili tano, moja na robo ni 1.25. Lakini binti aliyesikia robo akaona nne hakuwa mjinga. Alifundishwa hivyo darasani, nami nilikuwa nimempa namba ya gunia aiandike kwenye kisanduku cha nukta. Kwa prosesa ile, 1.4 kutwa nzima, siku sita kwa wiki, na feni ya kawaida, ilikuwa ni kuikaanga polepole. Nikairudisha kwenye 1.25, haikuwaka kwa kasi ya mwanzo. Nikashusha kasi, ikawaka, lakini hata kasi ya kiwandani ilikuwa inaishika kwa tabu. Prosesa ilikuwa imechakaa.

Tumaini alikaa chini sakafuni. "Baba anakuja kesho," alisema. "Ameshasikia."

Kesho yake, kwa bahati nzuri au mbaya, Fundi Mkuu alikuwa amekuja kukagua tawi. Nilimweleza yote. Akanivuta kando, akaninong'oneza kwa upole, maana alinipenda kama binti yake: "Mwambie mzee prosesa ilitoka kiwandani na kasoro. Hayo hutokea. Au nyamaza tu, aliyeandika namba si wewe. Usijichafulie jina kwa neno moja la simu."

Mzee akaingia, kofia mkononi, viatu vina vumbi jekundu la Iyula. Tumaini nyuma yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Fundi, mimi si mtu wa maneno mengi. Nijibu moja tu. Huyu binti kaiharibu mashine, hakuiharibu?"

Niseme kweli, nilitamani kunyamaza. Nilikuwa na tawi, nilikuwa na jina, na Fundi Mkuu alikuwa akinitazama kutoka mlangoni. Uongo wenyewe haukuhitaji hata kutamkwa. Ningeinamisha kichwa tu, na binti yule angerudi kupalilia kahawa maisha yake yote akiamini ni mzembe.

"Hakuiharibu, baba," nikasema. "Nimeiharibu mimi. Nilimtajia kipimo kwa simu, kwa lugha ya sokoni, na yeye akakiandika jinsi alivyokielewa. Nilipaswa kumtajia tarakimu mojamoja. Halafu nilipita pale mara nyingi, sikukagua."

"Ulimwambiaje?"

"Moja na robo."

Mzee akafikiri, midomo ikihesabu. "Na yenyewe inaandikwaje?"

"Moja nukta mbili tano."

Mzee akaiandika kiganjani kwa kidole. Kisha akavaa kofia. "Hata mimi ningeweka nne," alisema, akamgeukia binti yake. "Haya, mama. Twende ukanionyeshe hizo harusi zako."

Prosesa ya kompyuta yangu ya kazini niliitoa nikamfungia Tumaini siku hiyohiyo. Fundi Mkuu hakunisemesha wiki nzima. Alipoanza kunisemesha, alisema volti kwa nukta.

Miaka iliyofuata nilifundisha katika chuo cha ufundi hapahapa Vwawa, chini ya wakuu wawili. Wa kwanza alitaka vyeti, wa pili alitaka kazi, wote niliwaheshimu. Niliwafundisha wanafunzi kupandisha kasi kwanza na volti mwisho, tena kidogo sana kila mara. Kuijaribu mashine ikiwa imebanwa na kazi kweli, si ikiwa imelala. Kutoiamini Auto, yaani kuiachia mashine ijipangie volti, maana nyingine huimimina bila huruma. Na kuandika kila kipimo kwenye karatasi inayobaki na mteja. Wengine waliniona mama wa mambo madogo. Nawasamehe, bado hawajaiharibu mashine ya mtu.

Siku ya kuniaga nilipostaafu, Mkuu wa Chuo alimwomba Tumaini aseme neno kwa niaba ya wateja wangu wa zamani. Sasa ni mama mtu mzima, ana studio mbili. Alikuja na kamera, akampa mwenzake aishike, akapokea kipaza sauti. Nilijiandaa kusifiwa, nikakunja mikono kama bibi harusi.

"Nimepeleka mashine kwa mafundi wengi," alisema, "Vwawa, Tunduma, Mbeya. Kwa wote hao, kitu kikifa, wanasema ni mimi nimekiua. Fundi aliyewahi kuniharibia kompyuta maishani mwangu ni mmoja tu, ni huyu mama."

Watu walicheka wakapiga makofi. Mimi nililia, wala sikujificha.