Hodi ya Bi Salhiya

Bi Salhiya Wakil hajapata kuingia nyumba ya mtu bila ya hodi. Hata kwa binti yake Nadra, pale Bububu, ambako baina ya mlango wa mama na mlango wa mwana pana ukuta mmoja tu, husimama nje, akajitengeneza kanga yake, akaita mara ya kwanza, akangoja, ya pili, akangoja, ya tatu. Asipoitikiwa hurudi kwake. "Nyumba ya mtu ni sitara yake," husema. "Ukiingia ghafla utayaona asiyotaka uyaone, na ukishayaona huna pa kuyatua." Ndivyo alivyolelewa, na ndivyo alivyowalea wote waliopita mikononi mwake.

Ana kiduka cha vifungo na nyuzi Mlandege, upana wake ni mlango na nusu. Mafundi cherehani wa mjini wanamjua kwa jambo moja: uzi unaochuja rangi atakwambia unachuja, hata kama ndio uliobaki. "Huu usitie kwenye kanzu ya bwana harusi," atasema, "utatukanwa wewe na nitatukanwa mie." Kwa ulimi huo akachaguliwa katika kamati ndogo ya raia wanaotazama hali za wafungwa. Si askari wala watumishi wa jela, na jela haiwalipi. Ruhusa yao ilikuwa pana: wafike siku yoyote, wapite chumba chochote, wazungumze na mfungwa yeyote, bila ya kumpa mtu taarifa.

Hilo la kutotoa taarifa halikumkaa moyoni tangu siku ya kwanza. Aliona ni kama kumvamia mtu yuko chooni.

Na msaidizi wa mkuu wa jela alikuwa Muhiddin.

Muhiddin alizaliwa nyumba ya pili, wiki ile ile aliyozaliwa Nadra. Mama yake alitoka uzazini na homa iliyomlaza muda mrefu, maziwa yakakatika. Bi Salhiya akamchukua mtoto akamweka ziwa la kushoto, Nadra la kulia. Kwa sheria ya dini na kwa desturi zetu, ziwa limekwisha kufunga: Muhiddin ni mwanawe, ndugu wa Nadra, hawezi kumuoa wala hana haja ya kumkwepa. Alikuwa akimwita Mama mbele ya askari wake wote. Hata alipopata nyota begani alikuja kwanza kwake kuzionyesha, kisha ndipo akaenda kwao.

"Mama," alimwambia alipoanza kazi ya kamati, "wewe ukija wakati wowote ni kwako. Lakini nipigie simu jana yake, wallahi. Nisije nikakupokea kijishati kimelowa jasho, watu wakasema mwana gani huyu."

Bi Salhiya akacheka, na akaona hiyo ndiyo adabu. Jioni ya kuamkia ziara hupiga simu. "Hodi, Muhiddin, kesho nnakuja." Na Muhiddin hujibu, "Karibu, Mama. Karibu sana."

Maradhi yalipoingia, jela ilifunga lango kwa ndugu. Hapana mama aliyeingia, hapana mke, hapana kikapu cha chakula. Hata jina la maradhi yenyewe, mwanzoni mwa mwaka wa pili, watu walikuwa hawalitaji tena. Mtu akifa ilisemwa alipata changamoto ya kupumua, wakaazima jeneza la msikitini, wakazika haraka. Wanakamati wengine wawili waliacha taratibu kwenda ziara: mwenyekiti, Mzee Jaku, kifua chake kilikuwa kibovu tangu zamani, na mwengine alikwama Pemba. Akabaki Bi Salhiya peke yake. Macho ya akina mama wote wenye wana mle ndani yakawa mawili tu, yale yake.

Hapo ndipo alipoanza kuja dukani Mwanakhamis. Alikuwa mwanamke wa Tumbatu, mrefu, mkavu, anayezungumza kama anamwita mtu wa ng'ambo. Mwanawe Matar, mzamiaji wa majongoo ya bahari, alikuwa mahabusu kwa kesi ya mashine ya boti iliyopotea. Mwanakhamis hakujali kitu chochote cha kesi. Alijali kifua.

"Matar anazama pumzi moja mpaka wenziwe wanaanza kumsomea Yasini," alisema siku ya kwanza, na kucheka kwa fahari. "Lakini akishikwa na mafua, Bi Salhiya, kifua hulia kama paka mtoni. Tangu mdogo. Ntazamie kifua chake tu. Mengine nshamwachia Mungu."

Ziara iliyofuata Bi Salhiya alimwona Matar. Alikuwa akikohoa, lakini wima, na alimsalimu kwa kucheka. Akamwambia Muhiddin, na Muhiddin akasema atamwita daktari. Ziara ya pili hakumwona. Chumba kilikuwa na nafasi kuliko alivyokizoea, sakafu imepigwa maji, ndoo ya kunawia ina koki mpya, na pembeni chetezo kikifuka udi. Udi, jela! Aliona fahari mpaka machozi yakamlengalenga. Huyu ndiye mtoto aliyemfundisha mwenyewe kwamba mgeni hapokewi na harufu ya jana.

"Na yule kijana wa Tumbatu?" aliuliza.

"Matar? Hajambo kabisa! Tumempeleka shamba la jela, apate hewa. Analima mihogo huko, ameshaota na mashavu."

Bi Salhiya akaubeba ujumbe huo mpaka Mlandege kama mtu aliyebeba yai. Mwanakhamis aliposikia alikaa chini pale pale kizingitini, akajifunika uso kwa kanga. Ziara ya tatu ikawa vivyo hivyo: maji, udi, nafasi, na Matar yuko shamba. Baada ya kila ziara Bi Salhiya alimpa Mzee Jaku kauli yake, naye akaipeleka juu kwa jina la kamati: jela ni safi na wafungwa wanatunzwa. Na neno lake Mlandege ni neno.

Kabla ya ziara ya nne, Mwanakhamis alikuja na kifurushi: asali kwenye chupa ya soda, na visheti.

"Langoni hawapokei," alisema Bi Salhiya. "Unajua."

"Langoni, naam. Lakini si umesema yuko shamba? Shamba lina lango gani, dada yangu? Mihogo inafungiwa komeo?" Akacheka. "Na shamba lenyewe liko huko huko kwenu Bububu. Mpitishie kabla hujashuka mjini."

Ilikuwa kweli. Shamba lile lilikuwa juu ya Bububu, mwendo wa miguu kutoka nyumbani kwake. Hakuwahi kufika kwa sababu hakuna aliyemtuma huko. Jioni akampigia Muhiddin kama kawaida, kesho nnakuja, karibu Mama. Asubuhi akachukua kifurushi, akavaa barakoa aliyoishona mwenyewe, akashika njia ya juu.

Mihogo aliiona. Ilikuwa imezidiwa na magugu. Mtu mwenye jembe hakumwona. Aliloliona ni lori la jela limesimama chini ya minazi, na askari mmoja kijana ameketi juu ya gogo la mnazi akitazama simu. Nyuma yake kulikuwa na banda la kukaushia nazi za mbata, la mawe, bila ya dirisha, mlango umerudishwa. Ndani mlikuwa na sauti aliyoijua kabla hajaifikiri, sauti ya vifua vingi.

"Mama, huku hapana ruhusa," alisema yule askari na kuinuka.

Bi Salhiya hakubishana naye. Hakujua hata kubishana na askari. Alifanya alilolifanya maisha yake yote mbele ya mlango uliorudishwa: alijitengeneza kanga, akaita.

"Hodi!"

Askari alitabasamu, kama mtu aliyeona ajuza amechanganyikiwa.

"Hodi!"

Na kutoka ndani, sauti nyembamba ya mwanamume mzima, ikisimama kati kuvuta pumzi, ikajibu kama inavyojibu kila nyumba ya kisiwa hiki.

"Karibu."

Mtu aliyekaribishwa haulizi tena ruhusa. Askari mwenyewe alikuwa mtoto wa watu, alijua hivyo. Mkono wake uliinuka ukashindwa pa kwenda. Bi Salhiya akasukuma mlango.

Walikuwa wamelala juu ya magunia, wengine wameegemea ukuta kwa sababu kulala hawakuweza. Banda lilinuka mbata iliyooza na mkojo. Hapakuwa na ndoo yenye koki. Aliyemkaribisha alikuwa mzee mwenye ndevu nyeupe karibu na mlango.

"Nani, mama?"

"Mie Salhiya. Wa kamati."

Mzee alimtazama, kisha akaanza kucheka, na kicheko kikamgeukia kikawa kikohozi, na wengine wakangoja kimalizike.

"Jamani, Bi Salhiya huyu! Mwenyewe!" alisema alipopata pumzi. "Basi leo umepotea njia, mama. Wewe leo kwenu ni kule mjini. Sisi ndio tumekupisha."

"Mmenipisha vipi?"

"Tukisikia asubuhi wanaita, 'Leo Bi Salhiya', tunajua ni lori. Aliyeweza kusimama anabaki. Asiyeweza anapakiwa." Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayemweleza mgeni majira ya mvua. "Safari iliyopita tulirejea wachache kuliko tuliokuja. Usinikasirikie, mama, lakini humu jina lako tunaliogopa."

Matar alikuwa pembeni, magoti kifuani. Alimjua kwa vidole virefu tu. Uso haukuwa ule. Alipomwona aliinua kidole kimoja, kama mzamiaji anayewaashiria wenziwe juu kwamba bado yupo. Bi Salhiya akapiga magoti, akafungua chupa ya asali, akamtia tone kwenye mdomo. Halikwenda chini.

Simu ya Bi Salhiya ikalia.

"Mama, uko wapi? Chai inapoa huku."

"Niko shamba."

"Shamba gani?"

"Ulilonambia Matar analima mihogo."

Upande wa pili sauti ikabadilika, ikawa ya mtoto. "Mama, usiingie mle! Toka! Utaambukizwa, Mama, toka sasa hivi!"

"Nshaingia. Nimekaribishwa."

"Mimi nilikuwa nakulinda wewe! Umri wako huu, nikuache uingie katikati ya vifua vile? Na mkuu alisema kusionekane kitu. Ningefanya nini? Mwenyewe ulikuwa ukinipa nafasi, Mama. Kila mara ulinipigia."

Bi Salhiya alisema baadaye kwamba maneno yote mengine angeyameza. Hayo ya mwisho hayakumezeka, kwa sababu yalikuwa ya kweli.

"Leta gari ya hospitali," alisema. "Mie sitoki humu mpaka ifike. Mkiwapakia kwenye lori, nipakieni na mie."

Gari ilifika jua limeshapanda. Matar alifia hospitali, siku ya pili, akiwa na hewa ya chupa puani. Mzee wa mlangoni aliponea.

Bi Salhiya aliugua homa, akapona, kisha akaenda kwa Mzee Jaku akamweleza yote, kila neno. Mwenyekiti alisikiliza kwa uso mzito, akayapeleka juu. Jibu lililorudi lilikuwa fupi. Wakubwa walisema wao wanaitegemea kauli ya kamati yenyewe, iliyosema mara tatu kwamba jela ni safi na wafungwa wanatunzwa. Na kauli hiyo ilitolewa na mwanamama mkweli, anayejulikana, Bi Salhiya Wakil wa Mlandege. Huyu anayesema mengine leo amezidiwa na huzuni, na pia ametoka kuugua. Ukweli wake wa miaka yote ukawa ndio ukuta waliojificha nyuma yake.

Alingoja Mwanakhamis aje dukani. Alijiandaa kutukanwa, angeshukuru kutukanwa. Mwanakhamis alikuja baada ya hitima ya mwanawe, akasimama nje ya kizingiti alichokuwa akikikalia, na sauti yake ile ya ng'ambo ilikuwa imeshuka mpaka ikambidi Bi Salhiya ainame kuisikia.

"Wameniambia ulikuwa ukipiga simu kwanza."

"Nilikuwa nikibisha hodi, dada yangu. Sikujua..."

"Mie sikukutuma ukabishe hodi," alisema Mwanakhamis. "Nilikutuma ukatazame."

Akaondoka. Alikuwa amekuja na chupa ya soda tupu, ile ya asali, aliyorejeshewa hospitali pamoja na shati la mwanawe. Aliiacha juu ya meza ya vifungo.

Muhiddin hakufukuzwa kazi. Alihamishwa tu, na kabla ya kuhama alikuja Bububu. Ilikuwa baada ya sala ya alasiri, Bi Salhiya ameketi ukumbini anachambua mchele, mlango umerudishwa bila ya komeo. Alizijua hatua zake tangu kichochoroni. Amezisikia tangu zilipokuwa zinayumba.

"Hodi, Mama!"

Mikono ya Bi Salhiya ilisimama juu ya ungo. Neno lilikuja lenyewe mpaka kwenye meno, kwa sababu katika maisha yake yote halikuwahi kuitwa lisitoke. Akalifungia.

"Hodi!"

Upande wa pili wa ukuta Nadra alisita kutwanga. Kuku akapita ukumbini akidonoa chenga. Mlango haukuwa na komeo. Kidole kimoja kingeufungua. Bi Salhiya aliutazama, na kitu ndani yake, kilekile kilichomtoa mtoto wa jirani kwenye kilio na kumweka ziwani, kikaomba Muhiddin ausukume. Aingie tu. Mara hii moja aingie bila ya kukaribishwa, aje amlilie miguuni, amtukane, afanye lolote ambalo si adabu.

"Hodi, Mama," mara ya tatu, polepole.

Alimsikia akingoja kwa muda ule ule aliomfundisha, si zaidi. Kisha viatu vikageuka juu ya mchanga, vikashika kichochoro, kwa sababu alikuwa mtoto aliyelelewa vizuri.

Bi Salhiya akaurudia mchele.