Makala Yangu Inasifiwa Nje, Nyumbani Mama Hasalimiwi

Admin, tafadhali nifiche. Mimi ni mwanamke wa miaka 41, sijaolewa, nafundisha chuo kikuu na kazi yangu ni utafiti wa ubongo. Nilizaliwa Migori, kwenye kijiji kimoja cha wachimbaji dhahabu. Sitakitaja. Nimeshakitaja vya kutosha, na hapo ndipo shida yangu ilipoanzia.

Kwetu wanaume wanashuka shimoni, wanawake wanasaga mawe na kuchoma dhahabu. Wanaichanganya na zebaki, kisha wanaiweka juu ya jiko. Zebaki inapanda na moshi, dhahabu inabaki. Nimekua nikimwona mama akifanya hivyo jikoni, mimi nikisoma pembeni. Nilipokuwa mtafiti nilirudi nikawapima wale akina mama, kama mikono inatetemeka, wanakumbuka vipi, wanatembea vipi. Walinikubali upesi kwa sababu mimi ni mtoto wao. Mama peke yake ndiye alikataa kupimwa, akasema yeye ni mzima. Nilichokuta kwa wenzake kilinihuzunisha. Moshi ule ulikuwa umewaingia kichwani.

Niliandika makala. Mhariri wa jarida akasema kichwa cha makala kitaje mahali, la sivyo msomaji hatajua nazungumzia wapi. Nikaweka jina la kijiji. Sikufikiria mara mbili.

Makala zangu zingine hazisomwi na mtu, lakini hiyo moja ikashika. Watafiti wa nchi ambazo sijawahi kukanyaga wanainukuu, na kila anayeinukuu anaandika jina la kijiji chetu. Nilifurahi, siwadanganyi. Nilikuwa naamka nafungua simu kwanza kuona kama imenukuliwa tena. Halafu redio moja ikaipata. Mtangazaji akaieleza kwa Dholuo kwa njia yake mwenyewe, ati wanawake wa kijiji hicho wameharibika akili. Sikusema hivyo popote. Lakini nani atafungua makala ndefu ya Kiingereza ahakikishe?

Binti wa kaka yangu alikuwa amechumbiwa na kijana wa Kendu Bay. Wazee walikuwa washaonana. Baada ya ile redio, watu wa kijana wakatuma ujumbe kwamba tusubiri kwanza, wanaogopa wajukuu watazaliwa vipi. Tumesubiri mpaka kijana ameoa kwingine. Kaka hazungumzi na mimi tena. Nikipiga simu anapokea mkewe, ananiambia ameenda shamba.

Mama ndiye anaumia zaidi kwa sababu yeye anaishi pale. Wenzake wa kanisa la Wasabato waliozoea kupitia kwake Jumamosi wakitoka ibada sasa wanapita barabara ya chini. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Nyara, binti yangu, hilo jina la kijiji lilikuwa lako peke yako?" Nikamwahidi nitaiondoa makala. Kweli nilimwandikia mhariri. Akanijibu kwa heshima kwamba makala huondolewa ikiwa ni ya uongo, na yangu si ya uongo. Hapo akanimaliza, kwa sababu ni kweli. Kuna akina mama wameacha kuchomea ndani ya nyumba wanamolala watoto kwa sababu ya utafiti ule. Ningeifuta, nani angewaonya wengine?

Huku chuoni wanataka kunipandisha kuwa profesa. Mkuu wa idara amenieleza waziwazi kwamba makala zangu zingine ni nyepesi, hiyo ndiyo inanibeba. Sasa anataka nirudi kijijini niwapime akina mama walewale, niandike ya pili. Nikikataa, nabaki pale nilipo na vijana niliowafundisha wananipita. Nikikubali, nitaingia kwetu na uso gani?

Lakini hata hayo siyo yaliyonifanya niandike hapa. Juzi nilienda kumwona mama. Alikuwa ananimiminia chai, ikamwagika mezani. Akatua birika, akaficha mkono haraka ndani ya leso aliyojifunga. Sikuhitaji kipimo. Nimewaona wengi wakianza hivyo. Nikamwomba twende Homa Bay tumwone daktari, akakataa. Alisema akionekana hospitali na mikono hiyo, watu watasema redio haikudanganya, na yule binti wa kaka hataolewa. Kisha akanishika kwa ule mkono unaotetemeka, akaniambia, "Nipikie, nioshe, nizike nikifa. Lakini mimi usiniandike."

Nilimkubalia. Na ona sasa, hapa hapa nimeshamwandika.

Ndugu zangu, mama hataki hospitali na mimi najua kinachokuja. Wewe ungembeba kwa nguvu? Na hiyo makala ya pili, ungeiandika? Atakayenitukana anitukane, lakini aniambie pia nianzie wapi.