Nauli ya Kwenda Mferejini

Niliondoka Mombasa siku ya Alhamisi kwa sababu niliombwa, na pia kwa sababu nilikuwa na dhana niliyotaka kuithibitisha. Shirika moja la ng'ambo linalofadhili wakulima wadogo lilihitaji mtu wa kuwasikiliza, kwa lugha wanayoielewa, wanakikundi wa mfereji mmoja wa maji huko Wusi, katika vilima vya Taita. Walikuwa wameomba saruji na mabomba. Kwa miaka mingi nimefundisha lugha shuleni, na kwa miaka hiyo hiyo nimelalamika kwamba fedha za wafadhili huingia vijijini na umaskini ukabaki pale pale. Niliamini kwamba ninajua sababu yake: wizi. Nilipanda treni kwenda kumtafuta mwizi.

Mkobani nilibeba fomu za maswali, orodha ya kutiwa sahihi, na bahasha thelathini zilizofungwa. Juu ya orodha paliandikwa: Nauli ya Washiriki. Nilisoma maneno hayo nikiwa ndani ya behewa, nikatikisa kichwa kwa kuridhika. Mtu akiacha shughuli zake kwa ajili yako, mlipie safari. Huo ni uungwana.

Voi, kabla ya adhuhuri. Jua la mji ule hushuka wima, na vumbi lake jekundu hukaa kwenye viatu hata uvipanguse mara ngapi. Niliingia sokoni kununua ndizi. Muuzaji mmoja, mama kutoka Machakos aliyehamia Voi zamani, alikuwa amepanga kabichi ndogo zenye majani yaliyosinyaa.

"Hizi ni za vilimani?" nikamuuliza.

"Za vilimani ziko wapi siku hizi, baba? Hizi zimetoka mbali, zimechoka kuliko mimi. Ukipanda huko juu, waambie watuletee. Wateja wanazitaja kwa jina."

Alasiri hiyo nilikodi gari dogo. Baada ya mashamba ya mkonge na mji wa Mwatate, barabara ilianza kupanda, hewa ikapoa, na matuta ya mahindi yakaonekana yamekatwa mlimani kama ngazi. Njiani nilihesabu mabango manne ya miradi, rangi zimepauka. Mawili niliweza kuyasoma. Miradi yenyewe sikuiona.

Ijumaa asubuhi, Wusi. Mwenyeji wangu alikuwa katibu wa kikundi, Mama Wakesho, mwanamke mwembamba mwenye mwendo wa haraka, ambaye hasemi neno mpaka amelipima. Baada ya chai na kimanga, ule mseto wao wa mihogo na maharage uliopondwa, alinipeleka kuuona mfereji.

Mfereji ule ulichimbwa na mababu zao. Unaanzia kwenye kijito, unazunguka kilima, na kila boma lina zamu yake ya maji. Katikati ya safari yake ukingo ulikuwa umeporomoka kwa mvua, na tope limeujaza kwa urefu wa kiwanja cha mpira. Wenye mashamba ya juu ya maporomoko walikuwa wakipata maji kama kawaida. Wa chini hawakupata hata tone. Shamba la Mama Wakesho lilikuwa la mwisho kabisa. Alinionyesha kitalu chake: miche ya kabichi, mingi, imesimama kwa maji anayoyabeba kichwani.

"Hii haivuki Jumanne," alisema. "Ikipata maji ya mfereji, nitakuwa na kabichi za kupeleka Voi, na binti yangu atarudi chuoni. Ikikosa, hatarudi."

"Na saruji mliyoomba?"

"Saruji ni ya kuufanya ukingo usianguke tena. Tope tunalitoa wenyewe. Kesho ni siku ya jembe. Kila boma linatoa mtu mmoja, wa juu na wa chini. Asiyekuja, zamu yake inarukwa."

Kisha akasimama njiani. "Mwalimu, nasikia umekuja na nauli."

"Nimekuja nayo."

"Usiitoe."

Nilidhani sikusikia vizuri. Akaeleza, bila kupandisha sauti. Miaka iliyopita palikuja mradi uliowapa watu nauli kwa kila kikao na kwa kila siku ya kazi, hata ya kuzibua mfereji wao wenyewe. Mradi ulipoondoka, siku ya jembe ikafa. Watu walingoja nauli. Ilimchukua misimu miwili ya kuzunguka nyumba kwa nyumba, akibembeleza, mpaka wa juu wakakubali tena kushuka na majembe.

"Ukiitoa leo, kesho hutaona mtu. Nunua saruji nayo. Au itoe Jumapili, maji yakishapita."

Nilimjibu kwa ukali, na leo sioni fahari katika ukali huo. Nilimwambia kwamba fedha zile si zangu wala si zake. Zimeandikwa majina ya watu, na kumnyima mtu kilichoandikwa jina lake, au hata kukichelewesha, ni wizi. Alinitazama kidogo, kisha akasema, "Haya, Mwalimu," akatangulia.

Saa tano, ukumbi wa kanisa. Walikuja thelathini kamili, na wote walikuja kwa miguu. Tulizungumza kwa saa mbili. Majibu yao yalikuwa mazuri mno. Kila swali walilijibu kama watu waliowahi kulijibu. Mwishoni nilitoa bahasha, kila mmoja akatia sahihi. Mzee Mwadime, mwenye shamba la juu na ulimi mwepesi, aliipokea yake kwa mikono miwili.

"Mwalimu, nyumba yangu ni ile pale, nyuma ya kanisa. Hii nauli ni ya gari gani?"

"Ya miguu yako, mzee!" mama mmoja akadakia. "Si inakunywa mafuta kilabuni kila jioni?"

Ukumbi ukacheka, na mimi nikacheka. Kicheko kilipotulia, sauti ya nyuma ikauliza, "Na kesho mferejini, kuna nauli?"

"Kesho ni kazi yenu," nikajibu.

Hakuna aliyecheka. Mama Wakesho alikuwa akikusanya kalamu, hakuinua macho.

Jumamosi, saa moja asubuhi. Kwenye maporomoko tulikuwa saba, nami nikiwemo: Mama Wakesho na majirani zake watano wa mashamba ya chini. Tulisubiri mpaka saa tatu, tukaanza. Sikuwa nimeshika jembe tangu ujana wangu. Kufikia saa sita viganja vyangu vilikuwa vimetoa malengelenge, na hata robo ya tope ilikuwa bado haijatoka.

Mzee Mwadime alipita akiwachunga mbuzi wake. Alisimama ukingoni juu yetu, amekunja mikono.

"Mzee, mbona hukuja?" nikamuuliza.

"Nimekuja, si unaniona?" Kisha uso wake ukaacha mzaha. "Mwalimu, wewe ni mtu wa lugha, nisaidie. Jana tulikaa kwenye benchi tukapewa pesa. Leo mnainama kwenye tope na hampewi. Sasa nieleze, kati ya hizo mbili, kazi ni ipi?"

Niliegemea jembe. Yeye hakuwa mwizi. Hakuna aliyekuwa ameiba kitu. Kila shilingi ilikuwa imefika mahali ilipoandikiwa, sahihi zote zilikuwapo, na palepale mbele yangu maji yalikuwa yamesimama.

"Tutazirukaje zamu ishirini na nne?" Mama Wakesho alisema mzee alipoondoka. "Wakiwa wachache tunawaruka. Wakiwa wote, wanaturuka wao." Akainama tena.

Jumapili, safari ya kurudi. Nilimwomba radhi mlangoni pake. Hakuniambia kwamba si kitu, na nilimheshimu kwa hilo. Alisema tu, "Andika ulivyoona." Niliteremka Mwatate, nikafika Voi, nikapanda treni, na njia nzima mikono yangu iliniuma kila nilipokunja vidole.

Mombasa, wiki hiyo hiyo. Niliandika taarifa, na kosa langu nikalitanguliza. Nilieleza kwamba msaada wa mbali waweza kumtoa mkulima katika umaskini, lakini lazima uulize kwanza ni kazi gani watu tayari wanafanya bila kulipwa, kisha ukae mbali na kazi hiyo. Lipieni saruji, bomba, fundi; vitu ambavyo jembe haliwezi kuvizaa. Msimlipe mtu kwa kufika kwenye shamba lake. Na mtu wa kijiji akisema fedha hii itatudhuru, fomu iwe na mahali pa kumtii. Nimeishi nikidhani uaminifu ni kufikisha kitu pale kilipoandikiwa. Hiyo ni nusu yake tu. Nusu ya pili ni kusikiliza unapoambiwa kwamba kimeandikwa vibaya, na hiyo nusu mimi sikuwa nayo.

Shirika lilijibu kwa adabu: saruji imekubaliwa, na suala la nauli litajadiliwa.

Siku kumi baada ya kurudi kwangu Mama Wakesho alinipigia simu. Alikuwa amezunguka tena nyumba za juu, zote. Hakuwaambia habari za zamu wala za sheria. Aliwaambia kwamba mgeni ameondoka Wusi na malengelenge ya mfereji wao, nao wamebaki na nauli yake mifukoni. Watu wakaona haya. Jumamosi iliyofuata walishuka ishirini, wakawa ishirini na sita pamoja na wa chini, Mzee Mwadime akiwa wa kwanza, akiimba.

"Kwa hiyo maji yamefika?" nikauliza.

"Yamefika shambani jana asubuhi."

"Na miche?"

"Miche haikuyangoja, Mwalimu. Binti yuko hapa nyumbani, tunapanda mbegu nyingine."