Shimo la Riziki

Udongo mwekundu ukichimbwa asubuhi, kabla jua halijaukausha, hutoa harufu ya chuma na mizizi. Mpaka leo nikiisikia natafuta kwa macho kichwa cha mtoto. Utoto ninaousimulia si wangu. Wangu ulibaki Kivu Kusini. Huu ni wa mjukuu wangu Riziki, msimu mmoja wa mahindi hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda, alipokuwa na miaka mitano na mgongo wake haujapata nguvu. Ukimkalisha, aliinama kama mche uliokosa maji. Kama hakulala mkekani akitazama turubai la paa, alikuwa mgongoni mwa mama yake, binti yangu Furaha, aliyelima, akateka maji na kusonga ugali akiwa amembeba.

Furaha alikuwa amejifunga kwa mdomo wake mwenyewe. Jumapili moja alisimama mbele ya kanisa lote akaweka nadhiri: Riziki hatakalia kiti cha walemavu, ataingia kanisani kwa miguu yake. Watu wakaitikia amina, na kina mama wakaanza kumsaidia kupalilia na kufunga pamoja naye. Kisha masista wa Nyamitanga, kule Mbarara, waliokuwa wamempima mtoto siku za nyuma, wakatuma habari kwamba kiti chake kiko tayari, kichukuliwe kabla hakijapewa mwingine. Akienda, amevunja neno mbele za Mungu na mbele za waliomwombea. Asipoenda, mgongo wa mtoto unazidi kupinda. Kila Jumapili watu wa kanisa waliuliza kwa upole kama bado, na upole ule ulimbana kuliko matusi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

“Mama, nikipokea ile kiti, nitakuwa nimemwambia Mungu basi,” aliniambia.

“Na usipoipokea, huyu utamwambia nini?”

Mimi sikusoma, wala sibishani na nadhiri ya mtu. Nilichukua jembe. Kwetu mtoto aliyechelewa kusimama alichimbiwa shimo, akasimamishwa humo hadi kifuani, ardhi ikamshika. Nilichimba kando ya jiko, nikazungushia vitenge vikuukuu, nikamteremsha. Alilia kidogo, kisha akanyamaza akatazama. Siku zote kuku aliwaona kwa chini, sasa waliangaliana. Jirani mmoja akapita na jembe lake begani, akasimama.

“Mama Furaha, siku hizi unapanda batoto? Utavuna lini?”

Nikamwambia nitavuna kabla ya mahindi yake yale. Riziki akacheka mpaka mate yakamtoka.

Tangu hapo Furaha alizoea kupiga magoti mbele ya shimo, ameinama, akiomba macho yamefumbwa. Asubuhi moja mtoto aliinua mkono taratibu, ukitetemeka, akauweka juu ya kichwa cha mama yake na kukibonyeza, kama alivyomwona mchungaji akifanya. Yeye alikuwa amewekewa mikono mingi. Hakuwahi kumwekea mtu. Furaha alinyamaza katikati ya maombi. Hakufumbua macho mpaka mkono ule ulipochoka ukaanguka wenyewe.

“Mama, fukia hilo shimo,” akasema. “Kesho tunaenda Mbarara.”

Tulikileta kiti. Kanisani hakuna aliyemfukuza, ila kina mama wa kupalilia walipungua mmoja mmoja, kila mmoja na sababu yake. Siku hizi Riziki ni msichana mkubwa. Anakaa wima, anachambua maharagwe kunishinda, na ulimi wake ni mkali kama wangu. Wakati ule nilidhani kiti kitamfungua na mama yake. Lakini kila Jumapili Furaha anakiacha mlangoni mwa kanisa, anainama, anambeba mgongoni binti aliyekaribia kumzidi urefu, anaingia naye. Miguu ya Riziki inaburuta, inachora mistari miwili vumbini hadi mbele kabisa. Furaha haangalii nyuma. Mimi ninayewafuata hupita pembeni, nisiifute.